Bodi ipi kwa mtu wa Kilambo? Historia fupi ya kompyuta za bei chee



Wiki ya test imepita, hosteli imetulia, na wengi wetu tunahesabu siku za bumu. Nimepata nafasi ya kuandika juu ya swali ambalo naulizwa karibu kila wiki, hasa na vijana wa mwaka wa kwanza: "Kaka, nataka kuanza kuprogramu vitu vya kushika mkononi. Taa zijiwashe, pampu ijizime, kipimo kitume meseji. Ninunue bodi gani, maana hela yangu ndiyo hii?"

Jibu la haraka ni kutaja jina moja la bodi na kwenda zetu kula. Lakini mi nimeona jibu hilo linapotosha. Hizi kompyuta za bodi moja, yaani prosesa, kumbukumbu na miguu ya kuunganishia nyaya vyote juu ya kibao kimoja, zina historia ya karibu miaka 50. Na sisi Watanzania tuna historia yetu na kompyuta, ambayo haifundishwi sana darasani. Ukiziweka pamoja historia hizo mbili, jibu linakuja lenyewe. Kwa hiyo leo ni somo la historia, vumilieni kidogo.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Nyumbani kwetu ni Kilambo. Kwa wasiopajua, unatoka Mtwara mjini unashika njia ya kusini, kilomita zisizofika 50, mpaka unakutana na mto Ruvuma. Ng'ambo ile ni Msumbiji. Pale pana pantoni, na pantoni hiyo haifuati saa ya ukutani, inafuata maji kujaa na maji kupwa, maana bahari iko karibu na mto unapumua nayo. Mwaka 1861 Livingstone aliingia mto huu huu na meli ya mvuke iitwayo Pioneer. Alipanda kama maili 30 tu, maji yakaanza kupungua, ikabidi ageuze. Mtu na meli yake amekwama kwa kutojua kina cha maji cha wiki ijayo.

Sisi hatuna meli, tuna mpunga. Mashamba yako bondeni, la mama likiwemo. Mvua za kusini ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mpunga ukianza kuiva watu wanalala kwenye madungu kufukuza viboko na nguruwe. Sasa fikiria maji yamepanda huko juu kwa mvua ambayo wewe hukuiona, yanashuka usiku, na siku hiyo ni bamvua, bahari nayo imejaa. Aliyelala kwenye dungu anajua maji yamekuja pale anaposikia mlio chini yake. Kifaa kidogo kwenye nguzo, kinachopima maji kila robo saa na kutuma meseji yakipanda isivyo kawaida, si mchezo wa kuonyesha washikaji bwenini. Ndiyo maana kuchagua bodi kwangu ni kazi ya kweli. Bumu ni moja, na msimu ukikosewa unasubiri mwaka.

Haya, tuanze.

Mashine ya kwanza, na mlango kufungwa

Kompyuta ya kwanza Tanzania iliingia mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, kutoka kampuni ya Kiingereza, mashine ya kujaza chumba, kwa ajili ya mishahara na hesabu za serikali. Baadaye wizara ikahamia kwenye mashine za aina ya ICL 1900, na hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Programu zilizokuwa zikifanya kazi kwenye mashine ya zamani hazikuhama vizuri, na wataalamu walioielewa kazi ile wengi walikuwa wageni. Mgeni akifungasha virago, maarifa yanaondoka naye.

Mwaka 1974 serikali ikatoa agizo la kuzuia kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Aliyetaka ilibidi aombe kibali maalum. Siku hizi watu wakisikia habari hiyo wanacheka, wanasema wazee waliogopa maendeleo. Mi sicheki. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973, na mashine za bei mbaya zilikuwa zimeshindwa kutoa hesabu zilizoahidiwa. Ukiwa mlinzi wa hazina ungefanya nini?

Tatizo ni tarehe. Mlango ulifungwa 1974. Mwaka uliofuata, 1975, kampuni ya MOS Technology huko Marekani ilianza kuuza prosesa yake ya 6502 kwa dola 25, wakati prosesa za washindani ziliuzwa kwa mamia ya dola. Na mwaka 1976 wakatoa bodi ya kuonyeshea prosesa hiyo, wakaiita KIM-1. Bei dola 245. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 1, vitufe 23 na taa za kuonyesha tarakimu 6, basi. Haikuwa na kioo wala kasha. Waliitengeneza ili wahandisi waijaribu prosesa kazini, lakini watu wa kawaida wakaing'ang'ania, wakaiwekea michezo, wakaiunganisha na redio na mashine za uandishi.

Hapo ndipo bodi moja ilipozaliwa kama kitu cha mtu binafsi. Kompyuta haikuwa tena uamuzi wa wizara au benki tu, ilikuwa uamuzi wa mtu mmoja mwenye meza na usingizi mchache. Na huo ndio wakati ambao sisi tulikuwa tumefunga mlango, kwa sababu ya makosa ya mashine za aina nyingine kabisa. Masharti yalilegea miaka ya 1980 biashara ilipoanza kufunguliwa, na sera ya taifa ya teknolojia ya habari ikaja 2003. Kufikia hapo kizazi kizima wenzetu walikuwa wamekua na lehemu mkononi.

Naomba tukumbuke jambo moja kutoka hapa, maana nitalirudia. Kilichoiangusha mashine ya wizara hakikuwa udogo wa nguvu zake. Ni kwamba aliyeichagua, aliyeitengeneza na aliyeihitaji walikuwa watu watatu tofauti, na yule aliyeihitaji hakuweza kuifungua.

Kutoka Cambridge hadi kibao cha dola 35

Ile 6502 ya bei chee ilivuka bahari. Mji wa Cambridge, Uingereza, kampuni changa ya Acorn ilitoa bodi yake ya kwanza, System 1, mwaka 1979, ikiwa na prosesa hiyo hiyo. Mwaka 1981 wakatoa BBC Micro, kompyuta iliyoingia kwenye shule nyingi za Uingereza. Kisha wakataka prosesa yao wenyewe. Mwaka 1983 wawili wao, Sophie Wilson na Steve Furber, walikwenda Phoenix, Arizona, kuwatembelea watu waliokuwa wakiiendeleza 6502. Walitarajia jengo kubwa la vioo, wakakuta kikundi kidogo cha watu. Wakarudi wakijiambia, kama hawa wanaweza, na sisi tunaweza.

Aprili 1985 chipu yao ya kwanza ya ARM ikafika na ikafanya kazi. Furber amesimulia mara nyingi kwamba alipopima umeme inaotumia, mita ilionyesha sifuri. Kumbe njia yake ya umeme haikuwa imeunganishwa, chipu ilikuwa ikiendeshwa na umeme mdogo uliokuwa ukivuja kupitia nyaya za ishara! Walitaka chipu rahisi kutengeneza, wakapata chipu isiyokula umeme. Simu karibu zote tunazotembea nazo mfukoni leo zina ukoo huo.

Tuhamie Italia. Mji wa Ivrea, chuo cha usanifu. Mwaka 2003 mwanafunzi mmoja kutoka Kolombia, Hernando Barragán, alianza mradi wake wa shahada ya uzamili ulioitwa Wiring: bodi na lugha nyepesi ya kuwawezesha wasanii kuprogramu umeme bila kusomea uhandisi. Mwaka 2005 walimu na wenzake, akiwemo Massimo Banzi, wakaendeleza wazo hilo kwa chipu ya bei nafuu zaidi, wakaiita Arduino, jina walilolitoa kwenye baa waliyokuwa wakikaa. Chuo chenyewe kilikuwa kinaelekea kufungwa, na waliogopa kazi yao isipotee nacho, kwa hiyo wakaweka michoro yote hadharani. Yeyote duniani aliruhusiwa kuitengeneza.

Uamuzi huo una maana kubwa kuliko chipu yenyewe. Ndiyo sababu viwanda vya Shenzhen vinatoa nakala za Arduino kwa bei ya sahani chache za chipsi kuku. Ndiyo sababu pia, Qualcomm ilipotangaza Oktoba 2025 kwamba inainunua kampuni ya Arduino, nakala zilizo mikononi mwa watu hazikuguswa. Michoro ikishakuwa hadharani hainunuliki ikarudi kabatini.

Halafu Raspberry Pi. Eben Upton na wenzake wa Cambridge waliona, kuanzia kama 2006, kwamba vijana wanaoomba kusoma kompyuta wamepungua, na wanaokuja hawajawahi kuchezea mashine kama wao walivyochezea BBC Micro. Wakatafuta chipu ya ARM iliyokuwa imekusudiwa vifaa vya video, wakaijengea kibao cha ukubwa wa kitambulisho, na tarehe 29 Februari 2012 wakaanza kuuza Model B kwa dola 35. Kwa shilingi za wakati ule ni kama elfu 55. Hata majina Model A na Model B ni heshima kwa BBC Micro. Mwaka 2015 ikaja Pi Zero ya dola 5. Mwaka 2021 wakatoa Pico ya dola 4, yenye chipu waliyoibuni wenyewe. Pico ina kumbukumbu ya kilobaiti 264, yaani zaidi ya mara 200 ya KIM-1, kwa bei ya dola 4 badala ya 245.

Huku China, kampuni ya Espressif ya Shanghai ilitoa chipu ya ESP8266 mwaka 2014 na ESP32 mwaka 2016, zikiwa na Wi-Fi ndani yake kwa dola chache. Hapo kijana wa Mbagala na kijana wa München wakawa na kibao kile kile mezani.

Bei chee zilizokufa

Wahenga walisema rahisi ni ghali, na historia ya bodi hizi ina makaburi yake. Mwaka 2015 kampuni ya Next Thing ya California ilichangisha zaidi ya dola milioni 2 kwa ajili ya CHIP, kompyuta kamili ya dola 9. Dunia ilishangilia. Mwaka 2018 kampuni ikafungwa, na waliojenga kazi zao juu ya CHIP wakabaki na kibao kisicho na wa kukitengenezea programu mpya.

Utasema hiyo ilikuwa kampuni changa. Haya, chukua Intel. Ilitoa Galileo mwaka 2013 na Edison mwaka 2014, jina kubwa kuliko yote, na mwaka 2017 ikazisitisha zote mbili. Kwa hiyo ukubwa wa kampuni si dhamana. Hata Raspberry Pi ilitusumbua. Mwaka 2021 na 2022 chipu ziliadimika duniani, Pi hazikupatikana, na walanguzi waliziuza mara kadhaa ya bei yake. Desemba 2025 bei za Pi 4 na Pi 5 zenye kumbukumbu kubwa zilipandishwa kwa sababu kumbukumbu zenyewe zimepanda.

Kuna bodi nyingine nyingi za Kichina zinazoonekana zina nguvu kuliko Pi kwa bei ndogo. Nyingine ni nzuri kweli, Orange Pi kwa mfano ina watumiaji wengi. Ila kabla hujatoa hela, usisome kwanza kasi ya prosesa. Tafuta kama programu endeshi yake imeboreshwa mwaka huu, kama mchoro wa sakiti unapatikana, na kama mtu mwingine aliyekwama na tatizo kama lako alijibiwa. Bodi isiyo na maelezo ni ile mashine ya wizara, imepunguzwa ukubwa tu.

Waliokwisha kuchagua, huku kwetu

Tusidhani sisi ndio wa kwanza. Afrika Mashariki ina watu waliokwisha kulijibu swali hili kwa kazi, na majibu yao yanatofautiana kwa sababu kazi zao zinatofautiana.

Taasisi ya Afya Ifakara, maabara ya Bongo Tech & Research Labs ya Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza walishirikiana kwenye darubini iitwayo OpenFlexure. Mwili wake unachapwa kwa printa ya 3D, na ndani yake kuna Raspberry Pi na kamera yake. Inasogeza kioo cha damu yenyewe na kupiga picha, lengo moja kubwa likiwa ni kupima malaria. Pale Pi ni chaguo sahihi: picha zinahitaji prosesa yenye nguvu na kumbukumbu ya kutosha, na darubini inakaa mezani penye umeme.

Karatu, shirika la Powering Potential lilipeleka Raspberry Pi na sola kwenye shule za sekondari, pamoja na maktaba isiyohitaji intaneti. Pale pia Pi inaeleweka, kwa sababu mwanafunzi anahitaji kioo na kibodi, na kompyuta ya kawaida ingemaliza umeme wa sola mapema.

Upande wa Kampala, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere ulianza 2015 kupima uchafu wa hewa. Wao walibuni vifaa vyao wenyewe vya kuvumilia vumbi na joto la mjini, vinavyotuma takwimu kwa mtandao wa simu, na vingine wamevifunga kwenye bodaboda. Na kuna WIMEA-ICT, mradi ulioshirikisha Makerere, Chuo cha Teknolojia cha Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norwei, kutengeneza vituo vya hali ya hewa vya bei nafuu. Kazi ya nje ya kupima upepo na mvua walivipa vifaa vidogo visivyokula umeme, vikusanye na kupeleka taarifa.

Umeona mpangilio? Penye picha, kioo au maktaba wamechukua kompyuta kamili. Penye nguzo, jua na betri wamechukua kidogo. Hakuna aliyeanza na jina la bodi. Wameanza na mahali kitakapokaa.

Sasa tuje mtoni

Weka pembeni mapenzi ya majina, tupige hesabu. Betri ndogo ya volti 12 na ampia-saa 7 ina kama wati-saa 84, na kwa betri za asidi usitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu. Kwa hiyo tuna 42.

Pi 4 ikikaa bure tu inakula kama wati 3. Betri imeisha kwa saa 14. Pi Zero ya kwanza inakula kama nusu wati au zaidi kidogo, siku 3. ESP32 inayolala na kuamka sekunde 10 kila robo saa, ukijumlisha na vitaa na vipande vingine vya bodi vinavyokula hata chipu ikilala, inafika wastani wa milliwati 30 hivi. Hesabu ya karatasi inakupa siku zaidi ya 50. Toa upotevu, chukua mwezi. Mwezi mzima bila jua hata tone! Ukiweka sola ndogo hapo, umemaliza.

Kwa hiyo kwa Kilambo Pi imetoka, ingawa ndiyo yenye sifa. Tumebaki na Arduino Uno, Pico na ESP32. Uno ni ngumu, ya volti 5, na ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote. Ila vipande vingine vya bodi yake vinaendelea kula umeme mwingi muda wote hata chipu ikisinzia. Kwa kujifunzia mezani, nakala ya Uno ndiyo ningempa mtu wa mwaka wa kwanza, bila kusita. Pico ina maelezo safi kabisa na unaiprogramu kwa MicroPython, lugha inayosomeka. Nzuri kwa atakayekaa ndani. Kwa nguzo ya mtoni nachagua ESP32: inalala usingizi mzito, na ina Wi-Fi. Wi-Fi ya nini porini? Ya fundi. Mtu anasimama chini ya nguzo, simu yake inaungana na bodi moja kwa moja, anasoma kumbukumbu za mwezi mzima bila bando.

Mambo manne mengine, maana bei ya bodi ndiyo ndogo kuliko zote kwenye orodha:

Kipimo. Kile kihisi cha mwangwi cha kawaida, HC-SR04, hakivumilii maji. Kuna JSN-SR04T, chenye kichwa kinachovumilia maji, kinapima hadi kama mita 4. Kinatoa ishara ya volti 5 na ESP32 inataka 3.3, weka rezista mbili za kugawa. Pia kasi ya sauti inabadilika na joto. Tofauti ya nyuzi 10 kati ya usiku na mchana inapotosha kipimo cha mita 3 kwa kama sentimita 5, kwa hiyo pima na joto pia.

Modemu. SIM800L ni ya bei ndogo na inatumia mtandao wa 2G, lakini inapotuma inavuta hadi ampia 2 kwa kufumba na kufumbua. Usipoiwekea kapasita kubwa na waya mnene, bodi itakuwa inajizima na kuwaka, na utalaumu programu bure. Halafu kuna la mpakani: Kilambo simu inaweza kukukaribisha Msumbiji umesimama kwa mama yako. Modemu nayo itahamia huko na kula vocha yote. Iamuru kwa AT+COPS ishike mtandao mmoja wa Tanzania tu.

Chumvi. Hewa ya mlangoni mwa mto ina chumvi, inakula shaba. Ukimaliza kulehemu na kujaribu, paka bodi rangi ya kucha isiyo na rangi, epuka soketi. Dawa ya hela ndogo, inafanya kazi.

Maji yenyewe. Kipimo kimoja hakisemi kitu, kwa sababu mto wetu unapanda na kushuka kila siku kwa bahari. Bamvua si mafuriko. Kifaa lazima kijue maji ya jana saa kama hii yalikuwa wapi, na ya nusu mwezi uliopita pia, ndipo kiseme haya ni ya mvua. Programu ya kulinganisha hivyo inaingia kwenye ESP32 na nafasi inabaki. Hapa wazee wa pantoni wanajua kuliko mimi na wewe, waulize kabla hujaandika hata mstari mmoja.

La mwisho ni ushauri ambao historia yote hii imenifundisha. Usinunue bodi moja nzuri, nunua mbili za kawaida zinazofanana. Moja ikae kwenye nguzo, ya pili ikae kwa fundi simu wa kijijini, ikiwa na programu ndani tayari. Mwite fundi huyo siku ya kulehemu, ashike lehemu yeye. Na karatasi ya maelezo, kwa Kiswahili, ikunjwe ndani ya kasha: waya upi unaenda wapi, namba ipi inapokea meseji, nini kifanyike ikinyamaza. Wewe utakuwa chuoni unasubiri UE wakati maji yanapanda. Kifaa kinachokuhitaji wewe tu hakina tofauti na mashine ya 1965 iliyomhitaji mgeni tu.

Mwenye uzoefu na betri za lithiamu kwenye joto la pwani aniandikie, hapo bado nalinganisha. Wiki ijayo nitaweka mchoro wa sakiti na orodha ya vifaa pamoja na bei nilizoambiwa Kariakoo. Kesho kuna kipindi saa moja asubuhi na mhadhiri hana utani na mahudhurio.

Alamsiki.